Sura ya Sita: Damu Zinapopatana

Zamani, katika miji ya mwambao, kijana akitaka kuposa, wazee hawakuishia kuulizia ukoo na tabia. Walimwendea mwalimu mwenye elimu ya nyota wakamtajia majina: la kijana na la mama yake, la binti na la mama yake. Mwalimu aliyageuza majina kuwa herufi, herufi akazigeuza kuwa tarakimu, akapiga hesabu zake, kisha akatoa jibu: nyota zao zinaendana, au zinapingana. Na katika kila mtaa alikuwepo bibi asiyehitaji tarakimu. Yeye alimtazama binti anavyoitikia salamu, akamtazama kijana anavyovua viatu mlangoni, akasema, "Hawa damu zao zimepatana." Mara nyingi neno lake lilitosha.

Los Angeles na Vancouver wapo watu wanaoajiriwa kwa kazi ya bibi yule. Ni wateuzi wa waigizaji. Wanakaa mbele ya watu wawili waliokutana dakika tano zilizopita na kuamua kama mamilioni ya watazamaji wataamini kuwa wawili hao wamependana. Wenyewe jambo hilo huliita kwa neno la maabara, kemia. Katika sura hii nitabaki na neno letu, kwa sababu ndani yake mna kanuni nzima ya kazi hiyo. Kiswahili husema damu "zimepatana", na kitenzi hicho hakikubali mtu mmoja. Unaweza kusema mwigizaji fulani ana sauti nzuri, ana macho mazuri, ana mvuto. Huwezi kusema damu yake imepatana mpaka utaje na ya nani.

Hilo ndilo nitakalolitetea hapa. Mapenzi ya kwenye skrini ni mali ya wawili. Hayapatikani kwa kuokota mrembo huku na mtanashati kule, na yakikosekana hakuna fedha, muziki wala taa zitakazoyaleta. Uwanja mzuri wa kulionyesha ni filamu za mapenzi zinazotengenezwa kwa ajili ya televisheni, kwa sababu huko bajeti ni ndogo, siku ni chache, hadithi inafahamika, na kinachobaki mbele ya macho yetu ni watu wawili tu.

Hadithi ambayo mwisho wake unajulikana

Jina linalotangulia katika biashara hii ni Hallmark. Mwaka 1910, Joyce C. Hall, kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 18, alishuka kwenye treni mjini Kansas City, Missouri, akiwa na masanduku mawili ya viatu yaliyojaa postikadi za kuuza. Biashara hiyo ikakua ikawa kampuni kubwa ya kadi za salamu. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1951 kampuni ilidhamini kipindi katika televisheni ya NBC: Amahl and the Night Visitors ya Gian Carlo Menotti, opera ya kwanza kutungwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani. Hapo ndipo ulipoanza mfululizo wa Hallmark Hall of Fame. Mwaka 2001 ikapatikana chaneli yenye jina la kampuni, na tangu 2009 chaneli hiyo hutenga wiki za mwisho wa mwaka kwa filamu za Krismasi. Kuna miaka ambayo filamu mpya za msimu mmoja zimefika 40.

Kadi ya salamu na filamu hizi ni ndugu wa damu. Anayenunua kadi anajua kilichoandikwa ndani. Anachotaka ni kisemwe vizuri. Vivyo hivyo kwa mtazamaji. Mwanamke anayefanya kazi katika jiji kubwa anarudi mji mdogo alikozaliwa. Anamkuta mwanamume anayeuza miti ya Krismasi, au mwenye nyumba ya wageni, au mgane anayelea mtoto peke yake. Watagombana kidogo, wataoka biskuti pamoja, watakaribia kubusiana mlango ugongwe, mmoja ataondoka kwa hasira, atarudi, na katika dakika za mwisho watabusiana theluji ikianguka.

Ikiwa mwisho unajulikana, mtazamaji anakaa saa mbili nzima akingoja nini? Anangoja kuamini. Swali la kama watapendana limekwisha kujibiwa na tangazo la filamu. Lililobaki ni lini atawaona wakipendana, katika tukio gani, kwa mtazamo gani wa jicho. Jibu la swali hilo mwandishi hawezi kuliandika kwenye muswada. Waigizaji huja nalo seti, au hawaji nalo.

Siku 15

Filamu ya aina hii hurekodiwa kwa siku zipatazo 15. Muswada una kurasa 100 hivi. Ukizigawa unapata kurasa 6 au 7 kwa siku, ilhali filamu ya kumbi za sinema huweza kwenda kwa kurasa 2 au 3. Tena hazirekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Ukumbi wa harusi ukikodiwa siku ya tatu, busu la mwisho litarekodiwa siku ya tatu, na sini ya kukutana mara ya kwanza itafuata siku ya kumi na moja. Waigizaji wanatakiwa wawe wapenzi kabla hawajawa hata jamaa.

Nyingi hurekodiwa Kanada, hasa British Columbia kwenye miji iliyo karibu na Vancouver, na pia Ontario. Sababu kubwa ni nafuu za kodi, na kwa njia hiyo serikali nayo inashiriki katika kupatanisha nyota. Ili filamu ihesabiwe kuwa ya Kikanada, hupewa pointi kwa kufuata uraia wa watu wake wakuu. Inahitaji angalau 6 kati ya 10, na kanuni inadai kwamba kati ya waigizaji wawili wanaolipwa zaidi, mmoja lazima awe Mkanada. Basi ukazuka mtindo ambao mtazamaji makini ameshauona. Mwanamke hutoka Marekani akiwa na jina lililozoeleka sebuleni: Lacey Chabert, aliyekulia katika Party of Five kisha akaonekana katika Mean Girls ya 2004, au Danica McKellar, aliyekuwa binti mdogo katika The Wonder Years. Mwanamume hutafutwa Kanada: Andrew Walker wa Montreal, Brennan Elliott wa Calgary, Niall Matter wa Edmonton, Paul Campbell wa Vancouver, Luke Macfarlane wa London, ile London ya Ontario.

Filamu kubwa ina nafasi ya kujaribu kabla ya kusaini. Hufanyika usaili wa wawili wawili: mwigizaji aliyekwisha chaguliwa anaketishwa chumbani, na wengine wanaingizwa mmoja baada ya mwingine kusoma naye sini ileile. Mtu wa nje hudhani mteuzi anamtazama mgeni. Mteuzi mzoefu humtazama yule aliyekaa hapo tangu asubuhi. Amesoma sini hiyo mara saba, amechoka, anajua kila neno. Akiingia mtu wa nane, halafu yule aliyechoka akaisoma kwa namna ambayo hakuisoma tangu asubuhi, akacheka mahali ambapo hakuwa akicheka, akasahau kugeuza ukurasa, mteuzi anaweka kalamu chini. Kazi imekwisha.

Filamu ya televisheni mara nyingi haina siku hiyo. Wahusika wakuu hupewa nafasi kwa majina yao, na huenda wakakutana mara ya kwanza kwenye chumba cha kupimia mavazi. Dawa iliyopatikana ni kuwarudisha pamoja waliokwisha kupatana. Lacey Chabert na Brennan Elliott walicheza All of My Heart mwaka 2015, na mwaka huohuo wakacheza A Christmas Melody iliyoongozwa na Mariah Carey. Wakarudi katika miendelezo ya All of My Heart ya 2017 na 2018, na kuanzia 2019 wakawa pamoja katika Crossword Mysteries, bibie akiwa mhariri wa mafumbo ya maneno gazetini, bwana akiwa mpelelezi wa polisi. Waigizaji waliozoeana hivyo hawahitaji kuelekezana nani ageuke kwanza wala nani anyamaze. Siku ya kwanza ya kurekodi kwao ni kama siku ya kumi kwa wengine.

Kuna wawili wengine ambao mfano wao unapanua maana ya neno letu. Kimberley Sustad na Paul Campbell walicheza pamoja A Godwink Christmas mwaka 2018. Mwaka 2020 wakacheza Christmas by Starlight, ambayo waliiandika wenyewe kwa pamoja. Mwaka 2022 wakaandika Three Wise Men and a Baby, na Campbell akaicheza pamoja na Andrew Walker na Tyler Hynes wakiwa ndugu watatu walioachiwa mtoto mchanga. Filamu hiyo ya mwisho imebebwa na ndugu watatu wanaokatizana maneno, wanaosutana na kusaidiana. Ni damu zilizopatana katika undugu, na kazi iliyozifikisha hapo ni ileile.

Uso wa anayesikiliza

Sasa tusogee karibu tuone kazi yenyewe inafanyika wapi.

Ni mwezi wa saba, nje ya Vancouver, jua linawaka. Chini kumetandazwa theluji ya bandia, karatasi nyeupe na povu. Mwanamke amevaa koti la sufi, skafu na glavu, na kila kamera inapozimwa mpambaji anakuja kumfuta jasho juu ya mdomo. Ana maneno marefu ya kusema: jinsi mama yake alivyokuwa akimpikia chokoleti ya moto kila mkesha wa Krismasi, na jinsi hajaionja tangu mama alipofariki. Mwanamume aliyesimama mbele yake hana neno hata moja katika sini hii.

Kamera itarekodi mara tatu. Kwanza picha ya wawili, wote wakionekana pamoja. Pili, picha ya karibu ya mwanamke anayesema. Tatu, picha ya karibu ya mwanamume anayesikiliza. Wengi hudhani sini ni ya mwanamke. Mwisho wa yote, filamu inasimama au kuanguka katika picha ya tatu.

Mtazame mwanamume anayengoja zamu yake. Macho yake yamekaa mahali pamoja. Sauti ya mwenzake inatetemeka, yeye hapepesi. Kichwa chake kinaanza kuinuka kabla sentensi haijafika mwisho, kwa sababu ameusoma muswada na anajua inaishia wapi. Tabasamu lake la huruma linatangulia neno lenye uchungu. Mtazamaji wa Dodoma au wa Ohio hataweza kukueleza kasoro iko wapi, lakini atasema, "Huyu hampendi."

Sasa mtazame anayesikiliza. Uso wake unachelewa. Neno linatoka, linafika, kisha ndipo kitu kinabadilika kwenye pembe ya mdomo au kwenye shingo. Ule muda mdogo kati ya neno na uso, usiofikia hata sekunde moja, ndimo mapenzi ya skrini yanamokaa. Ni alama kwamba kilichosemwa kimeingia ndani ya mtu na kumkuta hakujiandaa.

Sanford Meisner, aliyezaliwa 1905 na kufariki 1997, alijenga ufundishaji wake mzima juu ya jambo hilo katika shule ya Neighborhood Playhouse mjini New York. Zoezi lake maarufu ni la kurudia. Wanafunzi wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anataja anachokiona kwa mwenzake, kwa mfano kwamba amevaa shati la bluu. Mwenzake anairudisha kauli hiyohiyo, naye anarudishiwa, huenda na kurudi mara nyingi. Hakuna anayeruhusiwa kubuni neno jipya kwa kutaka kupendeza. Linabadilika lenyewe pale kitu cha kweli kinapotokea kati yao: mmoja ameona haya, mwingine ameudhika, mmoja ameshindwa kuzuia kicheko. Mwanafunzi anajifunza kwamba la kufanya asilitafute ndani yake mwenyewe. Limo katika uso wa aliye mbele yake.

Msomaji anaweza kuuliza kama mhariri wa picha hawezi kulighushi hilo. Kwa kiasi fulani anaweza. Miaka mia moja iliyopita huko Urusi, Lev Kuleshov aliuchukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, usio na hisia yoyote ya wazi, akauunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha ya jeneza, kisha ya mwanamke. Watazamaji waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona matamanio, na uso ulikuwa uleule. Kwa hiyo mhariri hodari anaweza kumchukua mwanamume aliyekuwa akiangalia nguzo ya umeme, akamfanya aonekane anamwangalia mpenzi wake.

Ila ufundi huo unaishia kwenye picha ya wawili. Wakiwa pamoja ndani ya fremu moja, pumzi kwa pumzi, hakuna pa kukata. Mwongozaji anayewaamini waigizaji wake huwaacha hapo muda mrefu. Asiyewaamini hukata kila baada ya neno: huyu, yule, huyu, yule. Msomaji, ukitazama filamu ya mapenzi ukaona wapenzi hawakai katika picha moja kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, ujue mwongozaji naye ameshaona unachokiona wewe.

Si lazima wapendane

Watu wengi huamini kwamba damu zikipatana kwenye skrini basi ni lazima waigizaji wanapendana, au angalau ni marafiki. Mfano wa kulipinga hilo unatoka kwenye sinema, na ni wa karibu sana hivi kwamba sitaacha kuutaja. Jennifer Grey na Patrick Swayze walicheza pamoja Red Dawn ya mwaka 1984 na hawakuelewana. Miaka mitatu baadaye walikuwa wapenzi katika Dirty Dancing.

Katika filamu hiyo ipo sini ya mazoezi. Mwanamume amesimama nyuma ya mwanamke, ananyanyua mkono wake juu, kisha anapitisha vidole taratibu kutoka kwenye mkono huo hadi ubavuni. Inatakiwa iwe hatua ya dansi yenye mapenzi. Grey anatekenyeka, anacheka. Wanarudia, anacheka tena. Wanarudia, anacheka tena. Uso wa Swayze nyuma yake unaonyesha mtu aliyechoka na kuudhika, na alikuwa ameudhika kweli. Mwongozaji Emile Ardolino angeweza kuyatupa marudio hayo yote. Akayaweka ndani ya filamu, na leo ni miongoni mwa sini zinazokumbukwa zaidi na walioitazama.

Yanakumbukwa kwa sababu hapo hakuna anayeigiza peke yake. Kila kicheko cha Grey kinamgonga Swayze, na kila uso wa Swayze unamrudia Grey. Kuudhika ni namna mojawapo ya kumsikiliza mtu. Adui wa mapenzi ya skrini ni adabu tupu: waigizaji wawili wanaoheshimiana, kila mmoja akitoa kazi safi upande wake, bila wa kumgusa mwenzake moyoni. Filamu nyingi za televisheni zinazoshindwa hushindwa hivyo. Waigizaji wake hawana baya, isipokuwa wamebaki wageni.

Mkulima wa Kansas na mwanamke wa Maine

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika filamu za televisheni ulirushwa na CBS mwezi wa pili mwaka 1991, chini ya Hallmark Hall of Fame. Ni Sarah, Plain and Tall, kutoka kitabu cha watoto cha Patricia MacLachlan cha mwaka 1985. Jacob Witting ni mkulima wa Kansas, mgane mwenye watoto wawili. Anatangaza gazetini kwamba anatafuta mke. Anajibiwa na Sarah, mwanamke wa pwani ya Maine, anayekubali kuja kwa mwezi mmoja ili waonane kwanza.

Mteuzi wa kawaida angetafuta nyuso mbili za upole. Sarah akachezwa na Glenn Close, ambaye wakati huo ulimwengu ulikuwa ukimkumbuka kwa wanawake wa kutisha wa Fatal Attraction ya 1987 na Dangerous Liaisons ya 1988. Jacob akachezwa na Christopher Walken, aliyepata Oscar kwa nafasi ya askari aliyeharibiwa na vita katika The Deer Hunter ya 1978, na aliyekuwa adui wa James Bond mwaka 1985.

Uteuzi huo ulikuwa wa ujasiri na ulikuwa sahihi. Mtu mwenye uso mpole akiwa mpole, hajatuambia kitu. Mtu ambaye tunajua ana moto ndani, akishika kikombe taratibu ili asimtishe mgeni, ametuambia mengi. Jacob na Sarah ni watu wazima waliozoea upweke na wasiojua kuzungumza juu ya moyo. Hawakumbatiani hovyo, wala hawana maneno matamu. Mapenzi yao yanaonekana katika kujizuia kwao: mmoja anasita mlangoni, mwingine anaendelea na kazi aliyoishika huku akijua anatazamwa. Kwa waigizaji wenye nguvu ndogo, kujizuia huko kungekuwa ukimya mtupu. Kwa hawa wawili kulikuwa sawa na mto nyuma ya bwawa. Ndiyo maana walirudishwa pamoja katika Skylark mwaka 1993 na tena katika Winter's End mwaka 1999.

Steringi amekufa

Kila aliyekulia kwenye banda umiza la video anaijua kanuni: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Watazamaji wa When Calls the Heart walivunjiwa kanuni hiyo mwaka 2018.

Tamthilia hiyo ya Hallmark, iliyotokana na kitabu cha Janette Oke cha 1983, ilianza Januari 2014. Elizabeth Thatcher, anayechezwa na Erin Krakow, ni mwalimu katika mji mdogo wa magharibi ya Kanada. Jack Thornton, aliyechezwa na Mwaustralia Daniel Lissing, ni askari wa polisi wa farasi. Watazamaji, wanaojiita Hearties, walingoja ndoa yao kwa miaka minne. Ndoa ikafungwa katika msimu wa tano. Msimu huohuo ulipofika mwisho, Aprili 2018, Jack akafa kwa maporomoko ya ardhi akiwa mafunzoni. Lissing alikuwa ameamua kuondoka.

Watayarishaji wakabaki na mjane mwenye mimba na swali gumu kuliko yote katika uteuzi: nani ataketi kwenye kiti chenye joto la mtu mwingine? Mwaka 2019 wakaleta wanaume wawili kwa pamoja. Lucas Bouchard, anayechezwa na Chris McNally, ni mwenye baa, mtanashati na msomaji wa vitabu. Nathan Grant, anayechezwa na Kevin McGarry, ni askari wa farasi, amevaa sare nyekundu ileile aliyoivaa marehemu. Watazamaji wakagawanyika kambi mbili na kubishana kwa misimu mitatu.

Mwisho wa msimu wa nane, mwaka 2021, Elizabeth akamchagua Lucas. Kwa muswada jambo lilikuwa limekwisha. Wakachumbiana. Lakini mwisho wa msimu wa kumi, mwaka 2023, uchumba ukavunjika, na katika msimu wa kumi na moja, mwaka 2024, Elizabeth akawa na Nathan.

Nimeitazama misimu hiyo kwa makini, na hukumu yangu ni hii. Elizabeth na Lucas walistareheshana. Kila mmoja alimfanya mwenzake aonekane vizuri. Elizabeth na Nathan hawakuweza kustareheshana, kwa sababu kila walipotazamana alikuwepo mtu wa tatu. Sare ilikuwa ya marehemu, na zaidi ya hapo, Elizabeth alikuja kujua kuwa Nathan ndiye aliyepangiwa kuongoza mafunzo yale ambayo Jack alifia. Mwanamume anayempenda mjane huku akihisi kwamba yeye ndiye aliyetakiwa kufa hawezi kumtazama kwa wepesi. Kila neno dogo, hata la habari ya watoto shuleni, lilipita kwenye kizuizi kabla ya kufika. Na uso unaopitisha neno kwenye kizuizi huchelewa. Kile kichelewesho tulichokiona katika sini ya chokoleti, hapa kilikuwa kimejengwa ndani ya hadithi yenyewe. Uteuzi wa waigizaji hauishi siku ya kusaini mkataba. Kamera inaendelea kuteua, mwaka baada ya mwaka, na watazamaji wanakiona inachokiteua.

Viti viwili

Mwaka 2024 Hallmark ilianzisha shindano la televisheni liitwalo Finding Mr. Christmas, likiendeshwa na mwigizaji Jonathan Bennett, la kumtafuta mwanamume wa kuwa mhusika mkuu wa filamu ya Krismasi. Mshindi, Ezra Moreland, akacheza Happy Howlidays pamoja na Jessica Lowndes. Shindano linaweza kumpata mwanamume mwenye sura, bidii na ucheshi. Damu hazipatani na kombe. Zinapatana na mtu, na huyo mtu hana budi awepo chumbani.

Nayasema haya nikiwafikiria watayarishaji wa kwetu, wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Zanzibar, wanaotengeneza tamthilia za mapenzi kwa siku chache na fedha chache kama wale wa Vancouver, au pungufu. Nimeona mara nyingi nafasi ya mpenzi ikitolewa kwa wingi wa wafuasi mtandaoni. Anatafutwa binti mwenye wafuasi wengi, anatafutwa kijana mwenye wafuasi wengi, wanakutanishwa seti, na tunabaki kutazama picha mbili nzuri za pasipoti zikipokezana maneno.

Usaili wa wawili wawili hauhitaji studio. Unahitaji viti viwili, ukurasa mmoja wa muswada, simu moja ya kurekodia na asubuhi moja. Mketishe binti, waingize vijana watano mmoja mmoja, kisha irudie rekodi ukiwa umezima sauti. Usimwangalie anayesema. Mwangalie anayesikiliza, uone kama uso wake unachelewa kidogo kisha unabadilika. Mkikosa mtu wa kuwasaidia kuamua, mwiteni bibi yeyote wa mtaani, mumwekee kiti cha tatu, na alisemalo mlifuate.